Ndege Aliyepanguswa kwa Sabuni

Kwanza mnivumilie kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi baada ya mvua ya upepo, na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje, basi nimeyaandika jinsi yanavyotoka mdomoni. Shule niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati. Naandika polepole. Lakini kazi yangu inataka mtu wa polepole, kwa hiyo nimejiambia hata hapa hakuna kinachonikimbiza.

Kazi hiyo ni kutia picha kwenye fremu. Karakana yetu iko mjini Nyeri, nyuma ya maduka ya nguo, mahali ambapo jua hufika saa sita, likiwa limeamua kufika. Mwenyewe ni Tata. Kwetu ndivyo tunavyomwita dada yake mama. Alinitoa Kangari, nilikokuwa nikichuma majani chai pamoja na mama, kwa sababu siku moja alipotutembelea alisimama kando ya shamba akatazama vidole vyangu.

"Huyu anavunja kichipukizi bila kuumiza jani la chini," alimwambia mama. "Nipe nimjaribu na kioo."

"Mikono utapata," mama akasema. "Mdomo utaungoja sana."

Ni kweli, mimi si mtu wa kuongea. Wateja wengine hudhani nilizaliwa bubu na huniongelesha kwa ishara, nami kwa aibu huwajibu kwa ishara hizo hizo. Tata akiona hivyo hucheka mpaka anashika meza.

Picha tunazoletewa ni zile za kila nyumba. Bwana na bibi harusi, mtoto aliyefuzu chuo akiwa na joho, Yesu akigonga mlango. Halafu kuna picha za marehemu, ambazo huletwa na watu wenye macho mekundu, na hizo Tata huziweka mbele ya foleni bila kuulizwa. Hariri tulikuwa tumeiona mara chache sana. Tata alijifunza kuifunga zamani kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyemwajiri akiwa msichana, na mimi nilikuwa nikitazama kwenye simu watu wa mbali, wa huko huko hariri inakotoka, wakiibandika kwenye karatasi. Lugha yao sikuielewa hata neno. Mikono yao niliielewa yote.

Mzee aliyetuletea hariri alikuja katika ile miezi ya baridi, wakati ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kukaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga. Alivaa koti refu na kofia, na kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka.

"Hodi. Ni hapa wanafunga picha?"

"Ni hapa, Guka," Tata akajibu, maana kwetu babu huitwa Guka. "Karibu, keti."

"Sitaketi. Nikiketi nitasahau nilichokuja kusema."

Lakini hakusema. Alingoja mpaka mama mmoja aliyekuwa akichukua picha ya harusi akaondoka, kisha akaweka mzigo mezani na kufungua shuka ncha moja moja, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha.

Ndani kulikuwa na fremu ya zamani isiyo na kioo. Hariri yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Tawi lilikatiza juu, limechanua maua mekundu kidogo kama mti wa plamu wa huko Kieni. Nyuma kabisa mlima, nusu yake ukungu. Chini maji, ambayo mchoraji aliyachora kwa mistari michache tu, na majini wamesimama ndege wawili wa miguu mirefu. Mmoja alikuwa wa kijivu, mzima. Wa pili alikuwa na miguu, mdomo na jicho, lakini hakuwa na mwili. Mahali pa mwili palikuwa na kitambaa kitupu, kimekwaruzika kidogo.

"Alikuwa na mwili mpaka Jumamosi," Guka akasema.

Nikaona mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Nikamsogezea stuli. Safari hii aliketi.

Hadithi aliitoa vipande vipande. Mke wake alipokuwa msichana alikuwa akifulia nguo masista wa misheni moja. Kulikuwa na sista mzungu mzee ambaye kabla ya kuletwa huku alikuwa amekaa miaka mingi Uchina. Sista huyo alipozidiwa na umri na kurudishwa kwao, mizigo yake ilikuwa na kikomo cha uzito, na hii picha akamwachia msichana wa kufua. Msichana aliolewa nayo. Aliibandika mwenyewe kwenye kadibodi kwa gundi ya unga wa ngano, vile watu walivyokuwa wakibandika magazeti ukutani kuzuia upepo, na mume akaitengenezea fremu. Walipohamia Chaka kioo kilivunjika njiani. Hawakuweka kingine.

Mwaka jana Cucu, ndiye mke wake, alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Maneno yote yakaenda, likabaki moja tu.

"Anasema 'haya,'" Guka alituambia. "Akiwa na njaa, haya. Akikataa, haya. Uji ukiwa na mabonge, iko haya yake pia. Mimi sasa nazijua. Hata hiyo ya mabonge naijua sana."

Tata alicheka, naye Guka akacheka kidogo, akajikuta anafuta macho.

Maisha yake yote hakuwa amewahi kuosha hata kikombe. Sasa alikuwa anapika, anafua, anamwogesha. Na kila baada ya muda alikuwa anamgeuza kitandani, upande huu, upande ule, kwa sababu nesi alimwambia mgonjwa asipogeuzwa ngozi inaoza. Upande wa ukuta Cucu aligeuka kwa hiari, maana picha ilikuwa huko. Alikuwa akilala hivyo akiwatazama wale ndege mpaka anasinzia.

Basi akina mama wa kanisa wakatuma habari kwamba Jumamosi watakuja kumwombea mgonjwa. Guka hakutaka waone nyumba ya mwanaume. Akaamka akapangusa. Akapangusa meza, viti, redio, dirisha, picha za watoto. Maji ya moto, sabuni, kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Cucu alikuwa amelala. Vumbi la Chaka mnalijua, liko kwenye kila kitu, na ile picha ilikuwa haina kioo.

"Nilipangusa mara moja tu," akasema. "Nikaona kitambaa kimekuwa cheupe. Nikafikiri ni vumbi. Nikasema kumbe picha ilikuwa chafu hivi! Nikafurahi, mama. Ati nikafurahi."

Kabla Cucu hajaamka aliitoa ukutani. Alimwambia imepelekwa kuwekwa kioo. Tangu siku hiyo Cucu anatazama msumari. Na tangu siku hiyo amekataa kugeuzwa upande ule. Guka akiweka mkono chini ya bega lake, anajikaza kwa nguvu zote alizobaki nazo. Ngozi ya upande mwingine ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Sasa," Guka akasema, akivua kofia, "nataka mnirudishie ndege. Sijali mtafanya namna gani."

Wakati huo fundi wa mabango wa mlango wa pili alikuwa ameingia kuazima rula, na kama kawaida yake alikuwa amesimama kusikiliza. Huyu ndiye aliyechora kuku wote wa hoteli za mtaa wetu. Akainama juu ya meza.

"Hii ni kazi ndogo, itaisha chai ikiwa bado ya moto," akasema. "Miguu iko, mdomo uko. Nipe brashi ndogo na nyeupe ya mafuta, nimvike huyu kanzu sasa hivi."

"Atafanana?" Guka akauliza, uso umefunguka.

"Atamshinda mwenzake!"

"Kuku wako wa pale kona," Tata akamwambia, "watu wanauliza kama ni mbuni."

"Na bado wanakula!"

Walikuwa wanacheka. Guka peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama fundi kama mtu anayetazama daktari. Nikajua dakika ijayo atasema ndiyo, na Tata alikuwa amegeuka kutafuta rula. Nikaweka mkono wangu juu ya ile picha, si juu yake hasa, juu ya hewa iliyo juu yake.

"Tusijaze," nikasema.

Fundi wa mabango alishtuka. "Kumbe huyu anaongea!"

"Rangi ya mafuta itatembea kwenye hariri," nikasema, macho yangu yako mezani. "Kama mafuta ya kupikia kwenye shati. Itafika hata kwa yule mwingine."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwangu. Tata alirudi na rula, akaniangalia, akaiangalia picha. Akachukua taa na kuishusha karibu na kitambaa, akatazama kwa ubavu, vile alivyofundishwa.

"Guka," akasema, "wino mweusi haukuondoka. Huu hufanywa kwa masizi ya moshi na gundi, umeingia ndani ya nyuzi. Ile nyeupe ilikuwa inakaa juu kama unga. Hiyo uliyopangusa imekwenda, siwezi kukudanganya. Lakini hii hariri inaachana na kadibodi, na ikiachana hivi itapasuka hata usipoigusa. Tuitoe kwanza tuone mgongo wake. Baada ya hapo utaamua."

"Mgongo," Guka akarudia. Sijui alikuwa anafikiria mgongo gani.

Tulikubaliana aiache. Akiwa mlangoni alinirudia mimi, si Tata. "Kijana, yeye anatazama msumari," akasema. Basi.

Tulianza na ile rangi iliyobaki. Tata alichemsha gundi ya ngozi, akaichuja, akaipunguza nguvu kwa maji mpaka ikawa karibu si gundi tena, na tukairusha kama ukungu juu ya picha ili maua yasifuate njia ya ndege. Ilipokauka tuliilaza kifudifudi juu ya karatasi ya nailoni, juu ya kioo cha meza. Kutoka hapo Tata aliniachia. Alisema mikono yake imezoea nyundo.

Kadibodi haitolewi kwa kuvuta. Unaikwangua ikiwa kavu, tabaka baada ya tabaka, kutoka katikati kwenda nje, mpaka unafika ile karatasi ya mwisho iliyoshikana na hariri. Hiyo ya mwisho unailowesha kwa sponji, kidogo, unafunika, unangoja. Kungoja ndiyo kazi. Ukifunua mapema inashikilia, ukichelewa rangi inaanza kutembea. Halafu unachukua kibano, unashika unyuzi mmoja wa karatasi, unauinua kwa ncha ya vidole. Hapo ndipo Kangari ilinisaidia. Ni mkono ule ule. Unavunja kichipukizi bila kuliumiza jani.

Kilichoniokoa ni gundi ya Cucu. Tata alikuja akagusa maji yaliyokuwa yanatoka, akasugua kati ya vidole, akatikisa kichwa.

"Uji wa ngano," akasema. "Msichana wa kufua alijua kuliko alivyojua. Angetumia ile ya viatu, leo tungeimba tu wimbo wa mazishi."

Maana gundi ya unga, hata ikikaa miaka yote hiyo, ikionjeshwa maji inakumbuka ilikuwa uji. Iliachia. Mende walikuwa wamekula sehemu kwa sababu ya utamu huo, ndiyo maana kulikuwa na matundu pembeni, lakini kwa jumla iliachia.

Nilipofika mahali pa ndege nilipunguza mwendo zaidi. Niliondoa unyuzi, nikaondoa mwingine. Chini ya karatasi ya kahawia nikaona kitu cheupe.

Nilidhani ni gundi. Niliigusa kwa ncha ya brashi iliyo na maji, gundi ingelainika. Hiki hakikulainika. Nikaondoa unyuzi mwingine, na mwingine, na ile nyeupe ikawa na ukingo, na ukingo ukawa bega. Nikaita kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Tata!"

Alikuja mbio akifikiri nimejikata. Nikamwonyesha kwa kibano. Alivaa miwani yake, akainama.

"Alimpaka na nyuma," akasema taratibu. "Yule fundi wangu wa Kihindi aliniambia hivyo na sikuwahi kuona. Kitambaa ni chepesi, basi mchoraji anapaka nyeupe mgongoni ili ile ya mbele isionekane maskini. Wewe! Ndege alikuwa na mwili mbele na mwili nyuma."

Tulikuwa tunashikana mikono juu ya meza kama watu waliopata mtoto aliyepotea sokoni. Kisha nikakumbuka kwamba alikuwa bado upande usiofaa.

Sasa kila kitu kilitegemea karatasi ya kuegemeza. Hariri inaonyesha rangi ya kilicho nyuma yake. Kwenye kadibodi ya kahawia, weupe wa mgongoni ulikuwa umezimwa. Karatasi nyeupe sana nayo ingefanya ukungu wa mlima uonekane kama shuka la hospitali. Tulijaribu vipande. Niliviloweka kwenye chai hafifu, kimoja kwa muda mfupi, kingine zaidi, nikavianika, nikaviteleza chini ya hariri kimoja baada ya kingine. Kile kilichokaribia rangi ya maziwa ya jana ndicho kilichomrudisha. Hakurudi kama zamani. Alirudi kama mtu anayekuja barabarani asubuhi ya ukungu, ambaye unajua ni nani kwa mwendo wake kabla hujaona uso. Bawa moja halikuwepo. Huko mgongoni mende walikuwa wamefika kabla yetu, wakala rangi pamoja na gundi.

Gundi mpya tuliifanya kwa unga wa ngano pia. Unakanda donge, unalikanda ndani ya maji mpaka maji yanakuwa maziwa, unatupa lile bonge linalovutika na kubaki na kinachotua chini. Hicho unakipika, unakichuja kwa kitambaa, mpaka kinakuwa chepesi kama uji wa kwanza wa mtoto. Nilipaka karatasi, nikailaza juu ya mgongo wa hariri, nikafuta hewa kwa brashi kavu, halafu tukaibandika kingo zake kwenye ubao ili ikauke ikiwa imenyooka.

Guka alikuja kabla haijakauka. Alikuwa amebeba jiko la makaa.

"Nimeona baridi hii," akasema. "Nikasema tuwasaidie. Tukiweka hapa chini leo jioni iko tayari."

"Guka," Tata akamwambia, "rudisha hilo jiko kabla sijakufukuza na ufagio. Ikikauka kwa haraka inajivuta, na ikijivuta inapasuka katikati kama ngoma."

Aliliweka nje, lakini alibaki. Tukamwonyesha picha, ikiwa imesimama kwenye ubao. Alisogea. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Ni mgonjwa," akasema mwishowe.

"Amerudi nusu," Tata akasema. "Hatujamgusa na rangi. Yule unayemwona ni wa mchoraji mwenyewe."

"Na bawa?"

"Bawa hatuna."

Nilimwona akipima. Mlango wa pili fundi wa mabango alikuwa akipiga mluzi, na angemaliza lile bawa chai ikiwa bado ya moto. "Ataniuliza," Guka akasema. "Ataniuliza kwa hiyo haya yake, na mimi nitamwambia nini? Nilimwambia ilikuja kuwekwa kioo tu."

Akavaa kofia, akachukua jiko lake, akapita mlango wa pili bila kuingia.

Tulimpelekea Chaka picha ilipokuwa tayari. Ukungu ulikuwa umekatika siku hiyo na mlima ulikuwa nje wote, mpaka Tata akasema umekuja kuangalia mwenzake. Fremu ilikuwa ile ile ya Guka, tumeisafisha na kuikaza pembe. Kioo tuliweka, lakini ndani yake kuna vipande vyembamba vya mbao vinavyokizuia kisiiguse hariri, maana kioo kikitoka jasho, hariri inakunywa.

Cucu alikuwa amelala chali. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na kichwani alikuwa amefungwa kitambaa cha maua, upande mmoja juu kuliko mwingine. Nilijua ni nani aliyekifunga. Macho yake yalitufuata sote, kisha yakakaa juu ya shuka niliyobeba.

"Haya," akasema.

"Hiyo ni ya kusema karibuni," Guka akatueleza.

Chumba kilikuwa kama vyumba vingine vyote vya kwetu. Picha zote ziko juu, karibu na dari, zimeinama mbele kama watu wanaochungulia. Msumari wa ndege ulikuwa huko huko. Guka alipanda kwenye kiti kuutikisa kama bado umeshika.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaweka kichwa changu karibu na mto wa Cucu, nikatazama ukuta kutoka hapo. Tata alikuwa ameishika picha juu, akiipima. Sikuona ndege. Niliona dirisha, jeupe tupu, ndani ya kioo. Zamani hakukuwa na kioo. Sasa tungemtundikia dirisha.

"Guka," nikasema nikiwa bado nimepiga magoti, "ishuke."

"Ishuke wapi?"

Nikaonyesha ukutani, kando ya bega lake. Pale mtu aliyelala angeweza hata kuigusa.

"Pale? Picha chini ya kiuno?" Guka akasimama wima juu ya kiti. "Wale wamama wa kanisa watasema nimetundika kama kalenda ya baa!"

"Wamama wa kanisa hawalali hapa," Tata akasema. "Shuka kwenye kiti."

"Lakini jua la alasiri linapita hapo hapo."

Hilo lilikuwa kweli, na mimi nililiogopa kuliko wale wamama. Jua linakula hariri. Nikatazama chumbani. Juu ya redio, juu ya kiti, juu ya kila kitu kulikuwa na vitambaa vya kushona kwa sindano ya kufuma, vile kila mke wa kwetu huingia navyo kwenye ndoa. Hivi vilikuwa vyeupe sana. Guka alikuwa amevifua vizuri mno.

"Ni vyake?" nikauliza.

"Vyote. Kabla mkono haujalala."

Nikachukua kile cha redio, kilichokuwa kipana, nikakikunja mara mbili ili kiwe kizito, nikakishikilia juu ya kioo kama pazia. Nilimtazama Cucu. Yeye ndiye niliyekuwa namuuliza. Mimi nikinyamaza ni kwa kupenda, yeye hakuulizwa. Lakini nadhani watu wa maneno machache tunajuana.

"Haya," akasema Cucu.

Basi Guka alipiga msumari chini. Tukatundika, tukafunga kitambaa kwa utepe ili kiweze kuinuliwa. Halafu hakuna aliyetaka kukiinua. Tata alijifanya anakusanya vifaa. Guka akaketi ukingoni mwa kitanda na kumshika Cucu ule mkono ulio hai.

"Mimi nilikudanganya," akamwambia. "Haikwenda kuwekwa kioo. Niliipangusa na sabuni. Yule mweupe, nilimtoa na mkono wangu. Hawa watu wamemtafuta, wamepata aliyebaki. Bawa halikupatikana."

Akainua kitambaa.

Cucu aliangalia. Nje kulikuwa na kuku akitangaza yai lake, akatangaza mpaka akachoka. Mkono ulio hai ukatoka ndani ya ule wa Guka. Kidole kikaenda kwenye kioo, kikakaa juu ya ndege mweupe, pale bawa lilipokuwa. Kisha kikatoka hapo kikapanda polepole mpaka kwenye kichwa cha Guka, kwenye nywele zake nyeupe, kikazipangusa mara moja, kama mtu anayetoa vumbi.

"Haya," akasema, na mdomo wake ukapanda upande mmoja. Alikuwa anacheka.

Guka alitugeukia. "Hiyo," akasema. "Hiyo sijawahi kupewa."

Alipopata nguvu aliweka mkono chini ya bega la Cucu, taratibu, kama mtu anayegonga mlango. Bega halikujikaza. Alimgeuza upande wa ukuta, akampangia mto mgongoni, na tulipoaga Cucu hakututazama. Alikuwa na watu wake.

Guka hupita karakana akija mjini kuchukua dawa. Hutuambia ngozi imepona, na kwamba asubuhi kazi yake ya kwanza ni kuinua kitambaa, na jua likifika kwenye mlango wa jikoni anakishusha. Siku akichelewa kuinua, kuna haya ya hiyo. Siku hizi ananisalimu mimi kwanza, kwa maneno, na mimi namjibu kwa maneno. Fundi wa mabango anasema bado angemaliza lile bawa.

Nimeandika haya kwa sababu nadhani huenda kuna nyingine. Wale masista na wageni wengine waliacha vitu katika nyumba nyingi za huku, Kiriaini, Othaya, mpaka Nanyuki, na leo viko juu kabisa karibu na dari, vimejaa vumbi, na wageni wanatarajiwa Jumamosi. Kama kwenu kuna picha kwenye kitambaa chepesi kinachong'aa, nakuomba usiiguse na maji. Niandikie kwanza, kwa njia hii hii iliyokuletea karatasi yangu. Niambie imekaa wapi na ni nani anayeitazama. Na kama huna picha lakini una mtu aliyebakiwa na neno moja, niandikie pia, nitamsomea Guka. Nitachelewa kujibu, mnaujua mwendo wangu. Lakini nitajibu.